Damu Mbili kwa Mwezi Mmoja

Tulimzika Mama Eliza siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi wanawake tuliobaki matangani pale Songo tulikuwa tumekwisha kumlilia na tumeanza kumsimulia. Ndivyo tulivyo watu wa huku: siku ya kwanza tunalia, ya pili tunakula, ya tatu tunasema. Alikuwa mkunga, akushezi kama tulivyowaita wale waliofundishwa na masista kabla ya uhuru, na nadhani nusu ya watu waliokaa uani pale walipita mikononi mwake kabla ya kuona jua. Kila mwanamke alikuwa na kisa chake. Huyu mtoto wake alitanguliza miguu, yule alijifungulia nyuma ya lori la mchanga. Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba mimi Mama Eliza alinifundisha kuhesabu. Walicheka, wakadhani ni uzee unaosema, wakaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuwalaumu. Kisa changu hakisimuliki mbele ya sufuria za matanga, na hata leo, bibi mwenye wajukuu tisa, ninakiandika nikiwa nimefunga mlango.

Ulikuwa mwaka wa maasi, miaka minne baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndoa yangu na Yosefu ilikuwa inaingia mwaka wa tatu. Tulikaa Kimanga, karibu na ziwa kiasi kwamba mawimbi yakiwa makubwa tuliyasikia tukiwa mezani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya matofali mabichi, chetu na cha mama mkwe, na jiko lilijitenga uani, lina paa la majani lililokuwa jeusi kwa moshi. Jiko hilo nalijua kuliko chumba changu cha ndoa. Nalijua ufa wake wa ukutani ambapo mwanga wa asubuhi ulipitia, nalijua harufu yake ya mawese na ya ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa, na najua mahali sakafu ilipobonyea, kwa sababu ndipo nilipotandika mkeka wangu wiki tatu katika kila wiki nne.

Nyumba ya mvuvi ina sheria zake. Kwetu, mwanamke mwenye damu alikuwa haruki wavu, hagusi taa ya kuvulia, wala halali kitanda kimoja na mvuvi mpaka damu ikauke na siku saba zipite. Saba, si sita. Kwa mwanamke anayeona damu mara moja kwa mwezi sheria hii haikuwa mateso. Wengine waliipenda, maana walipumzika na hakuna aliyewauliza kitu. Mimi mwili wangu ulikuwa na mambo yake. Damu ya kwanza ilikuja kama ya kila mtu, siku tano. Nikahesabu zile saba, nikaoga, nikakunja mkeka, na kabla sijalizoea godoro ikaja ya pili. Hii haikuwa nyingi. Ilikuwa madoa tu, mekundu mepesi au ya rangi ya kutu, siku moja au mbili, haijazi hata kitambaa. Lakini damu ni damu, alisema mama mkwe, na siku saba zikaanza upya. Zilipokwisha nilibaki na wiki moja ya kuwa mke wa mtu, kisha ile ya kwanza ikagonga tena mlango.

Mama mkwe wangu hakuwa mwanamke mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu nikimaliza kumweleza mtasema nilimwonea. Alikuwa mjane, mrefu, mkono wake mwepesi katika kazi na ulimi wake mwepesi zaidi. Alijua idadi ya ndagala kwenye ungo kwa kuwatazama tu. Chumvi ikizidi alisema, ikipungua alisema, na ikitosha alikula kimya. Aliponiona nakwenda mtoni na vitambaa mara mbili kwa mwezi mmoja hakunitukana. Aliniletea mzizi kutoka kwa mganga wa upande wa milimani, mchungu hata machozi yalinitoka, nikaunywa asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Haukubadili kitu. Baada ya hapo alianza kuniangalia kwa namna ambayo ningeona heri anitukane.

Siku moja baba mdogo wa Yosefu alikuja, akapikiwa samaki wawili, mikeke wa ziwani, na ugali wa muhogo, na mimi nikakaa jikoni kwa sababu ilikuwa siku zangu za mkeka. Ufa ule wa ukutani ulileta mwanga, ulileta na maneno. Nilisikia akisema kwamba mti usiozaa hata Bwana aliukasirikia. Akasema amewavumilia miaka miwili, atavumilia mpaka Noeli, na Noeli ikipita bila mimba nirudishwe kwetu Makobola kwa heshima, Yosefu atafutiwe mwingine. Nilingoja kumsikia Yosefu. Hakusema neno. Nilisikia tu mifupa ya samaki ikiwekwa kwenye sahani. Nilimchukia kwa kimya kile, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko chuki, kwa maana mimi sikudhani kwamba nimechelewa tu kuzaa. Nilidhani ndani yangu kuna kitu kinachooza.

Kisha waasi wakaingia mjini. Wakubwa wa serikali waliondoka na magari yao, na tulioachwa tukajifunza kuishi na wageni wenye majani kichwani na bunduki, wengine mikuki. Ziwani walituzuia kutoka usiku. Walisema taa zetu zinawapa adui ishara, wakapita nyumba kwa nyumba wakazikusanya, na ya Yosefu ikaenda pia. Nyavu zikapandishwa darini. Wavuvi wakashika majembe, nao hawakuyajua, na ilikuwa kichekesho kumwona Yosefu akipanda muhogo kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Wale wapiganaji nao walikuwa na sheria yao. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na dawa hiyo, walisema, huharibika mwanamke mwenye damu akiwagusa au akiwapikia. Kwa hiyo nikajikuta kati ya sheria mbili, ya wavu na ya bunduki, na zote mbili ziliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: leo una damu?.

Nilikutana na Mama Eliza kwenye mto Kalimabenge. Wenye damu tulifulia chini, mbali na wanaochota maji, na yeye alishuka pale kufua mashuka ya maternite, nyumba ya kuzalishia, kwa mikono yake mwenyewe, maana wafanyakazi walikuwa wamekimbia na masista walikwisha ondoka. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mnene, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na alifua huku akinung'unika kama anagombana na shuka. Nilimsalimu nikainamisha macho. Alinisalimu, akaendelea kufua, kisha akaacha.

“Mwana wangu,” akasema, “nilikukutaka hapa hapa na bitambaa, haijapita juma mbili. Kwenu muko wanawake wangapi?”

Nikamwambia tuko wawili, na kwamba mama mkwe aliacha kuona siku zake zamani. Alitikisa kichwa. Akasema basi vitambaa vyote ni vyangu peke yangu, na mimi hapo nikaanza kulia, mbele ya mtu ambaye sikumjua hata jina. Nililia mpaka kitambaa kimoja kikachukuliwa na maji, akakimbia kukifuata na shuka likiwa begani. Aliporudi ameloa mpaka kiunoni alikuwa anacheka. Akanikalisha juu ya jiwe, akasema mficha uchi hazai, kwa hiyo nianze kusema. Nikasema yote: mzizi, mkeka, mikeke wa baba mdogo, Noeli. Yeye aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, inauma? Ina harufu? Inakuja baada ya kulala na bwana? Niliwahi kuharibu mimba? Ni nyingi au ni madoa? Nilijibu kila moja nikitazama miguu yangu ndani ya maji.

“Damu yenye kutoka inje ya siku zake haina sababu moja,” akaniambia. “Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa mimba imeharibika, inaweza kuwa kanyama kadogo ku mulango wa kizazi, inaweza kuwa si kitu. Minye siwezi kusema bila kuangalia. Na weye huwezi kuogopa kitu yenye hujahesabu.”

Aliniagiza nitafute daftari. Nilikuwa nimesoma miaka minne, daftari moja la hesabu lilibaki. Nichore mstari kwa kila siku ya damu kubwa na nukta kwa kila siku ya damu ndogo, siku kavu niiachie nafasi nyeupe, nisiruke hata siku moja, na nikimaliza miezi mitatu nimletee. Ule mzizi nisiunywe tena. Nikiona damu imekuwa nyingi ghafla, au nina homa, au tumbo linanikata, nisingoje daftari, nije siku hiyo hiyo.

Miezi ile mitatu niliandika kwa bidii ambayo shuleni hawakuiona. Daftari nililificha nyuma ya mtungi. Mama mkwe aliliona, na kwa kuwa hakujua kusoma akadhani ninawaandikia wa kwetu wanifuate. Yosefu ndiye aliyeniuliza. Tulikuwa shambani, tumekaa kivulini tunakula mihogo ya kuchemsha, na nikamweleza bila kumtazama. Aliendelea kutafuna, nikaona hasira inanipanda. Kisha akasema kwamba siku ile ya baba mdogo alikosa la kusema kwa sababu alikuwa anafikiri kosa ni lake, kwamba labda ziwa limemchosha, na aliogopa nikijua nitaondoka mwenyewe. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimpa kipande changu cha muhogo. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenikumbusha kuandika.

Miezi mitatu ilipotimia nilifunga daftari ndani ya kitenge nikaenda maternite. Kwenye daraja kulikuwa na bariyeri, gogo juu ya mapipa mawili, na wapiganaji watatu. Yule mkubwa wao alikuwa mtu mzima, ndevu zina mvi, na utepe wa ngozi kwenye kipaji cha uso. Alikifungua kitenge kwa ncha ya mkuki. Daftari likaanguka. Alilifungua, akaona mistari mitano na nukta mbili, mistari mitano na nukta mbili, ukurasa hadi ukurasa, na uso wake ukabadilika. Akawaita wenzake. Miezi ile watu walikuwa wakipotea kwa makaratasi ya kawaida kuliko yangu, na nilijua hivyo.

“Unahesabu nini?” akauliza. “Magari yetu?”

“Hapana, papa. Ni siku zangu.”

“Siku gani?”

“Za damu, papa.”

Aliliachia daftari likaanguka vumbini, akaruka nyuma, na wenzake wakaruka pamoja naye. Wanaume watatu wenye silaha walirudi nyuma mbele ya daftari la hesabu la darasa la nne. Leo nacheka mpaka mbavu zinauma, siku ile sikucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akajifuta tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, leo je, niko na damu?

“Sijui, papa,” nikasema. “Ni ile naenda kuuliza.”

Ulikuwa ukweli mtupu. Asubuhi hiyo sikuwa nimeona kitu, lakini ilikuwa karibu na siku ya nukta, na mimi nilikuwa nimefundishwa kutoapa uongo. Hakujua afanye nini na mwanamke asiyejua. Aliniamuru niokote kitu changu, nishuke, nivuke mto kwa miguu mbali na daraja, na nisirudi kwa njia ile. Nilivuka maji yakiwa mapajani, daftari nimeliweka kichwani, na nilipofika ng'ambo niligundua kwamba nilikuwa nimesema mbele ya wanaume watatu, kwa sauti, neno ambalo sikuwahi kumwambia mama yangu mzazi. Mbingu haikuanguka.

Chumba cha Mama Eliza kilikuwa na kitanda cha chuma, beseni jeupe lililobanduka rangi, dirisha lenye pazia fupi, na kalenda ya zamani ya misheni ambayo hakuna aliyeibadilisha tangu masista waondoke. Alinilaza, akanieleza kila anachofanya kabla ya kukifanya, akaleta taa karibu, akaangalia. Nilihesabu nyufa za dari. Alipomaliza akanawa mikono taratibu, nikadhani anatafuta namna ya kunipa habari mbaya. Akasema mlango wa kizazi ni safi, hakuna kinyama, hakuna kidonda, hakuna usaha, mfuko haujavimba. Kisha akakaa kitandani kando yangu na daftari mapajani, akatoa penseli.

Alinionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekiandika mwenyewe bila kukiona. Nukta zangu hazikutangatanga. Kila mara zilikaa katikati, siku ya kumi na tatu, ya kumi na nne, tangu mstari wa kwanza, kisha zikafuata wiki mbili nyeupe kabla mistari haijarudi. Akaniambia mwanamke ana mahali ndani yake panapotunza mayai, na kwa mwenye mwezi kama wangu yai moja hutoka karibu na katikati ya mwezi. Wanawake wengi hawasikii kitu siku hiyo. Wengine wanasikia kichomi upande mmoja. Wachache wanaona damu kidogo, na hawaumwi, mwili unafanya kazi yake tu na kuacha alama. Masista walimfundisha kuhesabu siku hizo, wao wakiwa na sababu zao.

Halafu akaniuliza ni siku zipi ninalala na bwana wangu. Nikamwonyesha kwa kidole, wiki ile ya mwisho. Aliweka penseli chini. Aliniomba nirudie, nikarudia: siku tano za damu, saba za kungoja, nukta, saba tena. Macho yake yakawa na maji, na nilishangaa kwa sababu sikujua bado kilichomliza.

“Siku zote zenye munalala pamoja,” akasema, “yai ilishapita zamani. Na siku zenye iko, weye uko jikoni.”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika mume na nimezika mtoto mmoja, na sikumbuki furaha iliyonijia ikiwa imechanganyika na hasira namna ile. Sikuwa naoza. Miezi mitatu nilinywa mzizi, na miaka miwili nililala jikoni, kwa ajili ya dalili ya uzima. Nilitaka kurudi mbio Kimanga nimpigie mama mkwe kelele mpaka majirani watoke. Mama Eliza alinikataza. Alinieleza pia jambo ambalo nimelirudia kwa kila binti na mkwe wangu, kwa hiyo nalirudia na hapa: kwamba jibu langu ni langu. Mwanamke mwingine akiona damu nje ya siku zake asijifariji kwa kisa changu, mimi Sifa. Akiwa na mimba, akiwa anatokwa na damu baada ya kulala na mume, ikiwa nyingi, ikiwa na harufu au homa, au akiwa mama mtu mzima aliyekwisha acha kuona siku kisha damu ikarudi, aende aangaliwe upesi. Kuhesabu kunasaidia kumwambia mkunga ukweli, hakumwondoi mkunga. Mimi mwenyewe nilihesabu miezi mitatu na bado alinilaza kitandani.

Alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akivukia mbali na daraja, amebeba parachichi tatu. Mama mkwe alimpokea vizuri, kwa maana mgeni ni mgeni, nikapika sombe na ndagala wa mwisho tuliokuwa nao. Walikula, wakaulizana habari za vita na bei ya chumvi, na mimi nikawa naingia na kutoka na moyo mkononi. Mwishowe Mama Eliza akanawa, akaeleza kwa utulivu alichokiona na alichokihesabu. Hakumlaumu mtu. Mama mkwe alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Alipoambiwa kwamba zile siku saba za pili zinazuia mjukuu, alisema sheria haikutungwa na yeye. Kisha akasema kitu ambacho hata Yosefu, aliyekuwa ameegemea mlango, hakuwahi kukisikia.

“Siku baba ya Yosefu alienda ku ziwa na hakurudia, nilikuwa na damu. Nilimubebea taa na hii mikono yangu mupaka ku mutumbwi. Sikumwambia muntu.”

Nilimtazama mwanamke yule mrefu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba miaka yote ile hakuwa akininyima mimi kitanda, alikuwa akimlinda Yosefu na maji. Hasira yangu ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa.

Mama Eliza aliuliza kama siku ile kulikuwa na upepo. Ulikuwepo. Aliuliza kama mitumbwi mingine ilipotea. Mitatu haikurudi. Akauliza, taratibu sana, kama wanawake wa mitumbwi ile mingine nao wote walikuwa na damu. Machozi yalimtoka mama mkwe, na Yosefu akaja akakaa chini karibu na miguu ya mama yake.

“Sikuombi uache desturi, mama,” Mama Eliza akasema. “Nakuuliza tu. Wavu iko wapi sasa?”

“Iko ku dari.”

“Na taa?”

“Walichukua.”

“Basi hakuna mwenye anaenda ku maji. Iyo damu kidogo ya huyu mutoto, itaharibu nini?”

Mama mkwe alitazama dari kwa muda mrefu. Alimsindikiza mgeni mpaka njiani, akarudi, akaosha sahani mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mwezi uliofuata damu kubwa ilikuja na kwenda, na nilipojaribu kutoka jikoni siku ya sita, kabla zile saba hazijapita, mama mkwe hakunirudisha. Ikafika siku ya kumi na tatu. Nilikuta doa alfajiri, nikaganda. Ujuzi ni kitu kimoja na mazoea ni kingine, kwa hiyo miguu yangu ikanipeleka yenyewe jikoni kutandika. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mkeka wangu, miguu ameinyoosha, beseni la muhogo mapajani, anamenya. Nikasimama mlangoni. Akamenya wa kwanza, akamenya wa pili. Aliniambia bila kuinua kichwa kwamba mkeka ule yeye anaukalia leo, na kesho ataukalia pia, kwa sababu muhogo ni mwingi. Muhogo wenyewe ulikuwa vipande sita. Nilirudi ndani, nikakaa kitandani mchana kweupe kama bibi harusi, nikicheka na kulia.

Desemba ilikuja na mvua, na hofu ikaja nayo upya. Nilikuwa nimejikataza kutumaini, kwa hiyo nilikuwa natumaini saa zote. Baba mdogo alikwisha tuma neno kwamba atakula Noeli kwetu, na kila mtu alijua anakuja kula nini. Niliacha kuandika. Niliogopa kuufungua ukurasa nikaona ni mweupe kiasi gani, kwa sababu kitu kikiandikwa kinaweza kufutwa. Yosefu naye aliacha kunikumbusha. Tulizungumza habari za muhogo, za panya, za bunduki zilizosikika upande wa uwanda, za kila kitu isipokuwa hicho. Kwa mama mkwe sikuona badiliko lolote. Chumvi ikizidi alisema, ikipungua alisema.

Asubuhi moja, siku nne kabla ya Noeli, nilikuwa napanda kutoka ziwani na ndoo ya maji kichwani. Njia ilikuwa na utelezi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na kwa namna alivyonitazama nilidhani nimesahau kitu motoni. Alinisubiri mpaka nikamfikia. Alinitazama tumboni, kisha usoni, mwanamke yule ambaye hakujua kusoma wala kuandika, ambaye sikuwahi kumwambia tarehe hata moja.

“Leo ni siku ya makumi tatu na kenda, na damu haijarudia,” akasema. “Shusha iyo ndoo, mwana wangu.”

Nikaishusha.